KOMAA SIO DAWA: uzi wa nesi kwa wanaoanza baiskeli za masafa marefu

SEHEMU YA 1: Naanza na ugomvi

Wiki hii nitaandika jambo moja tu, kila jioni nikitoka zamu, na najua kuna watu litawakera. Sawa tu. Naandika kuhusu hizi safari za baiskeli za Jumamosi na jinsi makundi yetu yanavyowapokea watu wapya.

Asiyetaka kusoma yote aondoke na hili: mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kufika mahali akaendesha kilomita 100 kwa siku moja. Mama wa miaka 50 anaweza. Mwenye kitambi anaweza. Ila hakuna anayeweza Jumamosi ya kwanza. Na anayempeleka mtu huko Jumamosi ya kwanza, halafu akichoka anamwambia "komaa", anamharibu mwenzake.

Komaa sio dawa. Dawa nazijua, ndiyo kazi yangu.

Mnajua inavyokwenda. Mtu ananunua baiskeli mwisho wa mwezi. Anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Siku ya tatu linatoka tangazo: "Jumamosi Dar–Bagamoyo kwenda na kurudi, wapya karibuni, safari nyepesi." Nyepesi kwa nani? Kutoka katikati ya jiji mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 60, na kurudi hivyo hivyo. Huyo mtu hajakalia baiskeli tangu amalize darasa la saba!

Jumatatu tunampokea sisi. Goti limevimba. Vidole viwili vya mkono vina ganzi tangu juzi. Makalio yamechubuka mpaka hawezi kukaa kwenye benchi la mapokezi, anasimama kwenye foleni anaona aibu kusema kwa nini. Nimechanganya habari za watu kadhaa hapa ili asitambulike yeyote, lakini kila nesi wa zamu ya Jumatatu atakwambia hizi sura anazijua.

Kinachoniuma zaidi ni wale wasiokuja. Wanatundika baiskeli ukutani, wanawaambia jirani "ile sio ya kwetu", wanarudi kwenye kiti cha ofisini na presha yao. Mtu tuliyekuwa tunambembeleza kliniki afanye mazoezi, hatimaye akaanza, nyinyi mkamvunja siku moja.

Kesho nawaeleza ndani ya mwili kunatokea nini.

SEHEMU YA 2: Moyo unawahi, goti linachelewa

Jana mmoja kaniandikia: "Nesi unatisha watu, mimi wiki ya tatu tu nilishakuwa vizuri." Asante kaka. Umenipa somo la leo.

Mwili hauzoei mazoezi kwa mwendo mmoja. Ukianza kuendesha mara kwa mara, ndani ya wiki moja au mbili maji ya damu yanaongezeka. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo huhemi kama mwanzo. Wiki ya tatu, ya nne, unapanda kilima kilichokuwa kinakutoa roho na bado unaongea. Unajiona simba.

Sasa njoo kwenye kano, zile kamba ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa. Kano hazipati damu nyingi kama msuli, kwa hiyo zinajijenga taratibu, kwa miezi. Ngozi ya makalio nayo ina ratiba yake. Shingo, mgongo na viganja, kila mmoja na wake.

Kwa hiyo wiki ya tatu una moyo wa mwezi wa pili na goti la siku ya kwanza. Hapo ndipo watu wanaumia. Mtego haupo siku unayojisikia vibaya, siku hiyo mwenye akili anapumzika mwenyewe. Upo siku unayojisikia vizuri kuliko ulivyo, halafu kuna mtu mbele yako anapiga kelele "kazaaa!"

Msuli uliochoka baada ya safari na ukapona ndani ya siku mbili, huo ni ujenzi. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kadiri unavyoendesha, na kesho yake yapo ukishuka ngazi: hiyo ni taarifa ya jeraha. Ukiambiwa ukomae nayo, unaambiwa uzime kengele ya moto uendelee kulala.

SEHEMU YA 3: "Mbona wauza mkaa wanaweza?"

Hili swali limekuja mara nyingi kuliko yote, nalipenda.

Kweli kabisa. Kuna mzee na Phoenix yake, hana gia hata moja, amevaa kandambili, nyuma kapakia magunia ya mkaa, na anatembea kilomita ambazo sisi tukizifanya tunaweka picha tano. Nenda Shinyanga, nenda Tabora, baiskeli ndiyo gari la watu. Na boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli, kule mpakani Busia, ikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda.

Lakini hebu mwangalie huyo mzee vizuri, usimtaje tu kama fimbo ya kuchapia wageni. Alianza lini? Utotoni, akitumwa kisimani. Mzigo wake uliongezeka mwaka hadi mwaka. Anaendesha kila siku, hangoji Jumamosi. Kilima kikija anashuka anasukuma, wala haoni aibu. Jua likiwa kali anakaa chini ya mwembe. Hashindani na mtu. Huyo mzee ni ushahidi wangu mimi, wala sio wenu.

Na msimpambe sana. Anafanya vile kwa sababu ya maisha, na wengi wao migongo na magoti tunayajua sisi.

Mkitaka mfano wa mbali, upo. Ufaransa kuna safari maarufu ya Paris-Brest-Paris, ilianza mwaka 1891. Siku hizi ni kama kilomita 1,200, na mtu anapewa mpaka saa 90 kumaliza. Piga hesabu: ni kama kilomita 13 kwa saa, ukiweka ndani yake kula, kulala na kuziba pancha. Safari zao za kilomita 200 zinapewa saa 13 na nusu. Wanaoheshimiwa duniani kwa masafa marefu wanapewa muda. Wewe kiongozi wa kundi la mtaani unamnyima mtu wa wiki ya kwanza dakika kumi za kupumua?

Na Septemba 2025 wote tulikodoa macho Kigali, mashindano ya dunia yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza. Wanaume waliendesha zaidi ya kilomita 260 kwenye vilima vile, na wengi wa walioanza hawakufika mwisho. Hao ni watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Walishuka kwenye baiskeli, maisha yakaendelea. Ila kwetu mtu akisema "mimi naishia hapa" anaundiwa stika.

SEHEMU YA 4: Ratiba, maana nimelalamika vya kutosha

Kabla ya chochote, kapime presha na sukari. Dakika tano tu. Kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au sikoseli, au umewahi kubanwa kifua ukifanya kazi ngumu, ongea na daktari wako kwanza. Hujakatazwa, unapangiwa. Mwenye sikoseli, kuishiwa maji kunaweza kukuletea shambulio. Unayechoma insulini, pima kabla ya kuondoka na tembea na kitu cha sukari mfukoni, usikiache kwenye begi la mwenzako aliyeko mbele.

Sasa ratiba. Katikati ya wiki endesha mara mbili, nusu saa mpaka dakika 45, mwendo wa kuongea: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuongea, punguza. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Haihitaji saa ya bei mbaya.

Mwisho wa wiki safari moja ndefu. Hizi hapa kilomita zake, wiki kwa wiki:

Mwezi wa 1: 15, 20, 25, kisha shuka 18
Mwezi wa 2: 30, 35, 40, kisha shuka 28
Mwezi wa 3: 46, 53, 60, kisha shuka 42
Mwezi wa 4: 70, 80, kisha shuka 50, halafu 100

Miezi minne. Zile wiki za kushuka msiziruke. Ndipo kano zinapokamata pale moyo ulipofika. Ukiumwa, ukisafiri, ukiwa na msiba, usirukie namba ya wiki inayofuata. Rudi nyuma moja, anza tena.

Na siku ya 100 usihesabu 100. Hesabu vituo. Kila kilomita 20 shuka, nyoosha mgongo, kula. Kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa utatumia saa 6 na kidogo juu ya siti, mapumziko pembeni. Hiyo ni siku nzuri kabisa. Usikubali mtu akwambie ni siku ya aibu.

SEHEMU YA 5: Kabla hujameza kidonge, pandisha siti

Leo naongea mambo ya mwilini waziwazi. Mimi ni nesi, sina aibu, na wewe usiwe nayo.

Magoti mengi ya waendesha baiskeli wapya yanaponea kwa fundi. Kaa kwenye siti, weka KISIGINO kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukiendesha sasa kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma nyuma, mara nyingi iko juu mno. Badilisha kidogo kidogo, upana wa kidole, kisha jaribu.

Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka. Kukanyaga gia nzito kwa nguvu kunaonekana kiume kwenye video, ila mzigo wote unabebwa na goti.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pembeni yake ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani. Badilisha mkao wa mikono kila baada ya dakika chache, kunja viwiko kidogo, na mwambie fundi akuangalizie usukani. Ganzi ya sehemu za siri, kaka na dada, SIO kawaida na sio ya kuchekea. Simama, shuka, rekebisha siti. Ikiendelea, badilisha siti au njoo uonwe.

Michubuko: kaptula yenye sponji inavaliwa bila chupi ndani, maana mshono wa chupi ndio unaokata. Paka mafuta ya mgando. Ukifika, ivue, oga. Kukaa baa na kaptula mbichi saa tatu ndiko kunakozaa majipu.

Mnaona? Hakuna hata kimoja hapo kinachoponywa na "komaa".

SEHEMU YA 6: Diclofenac, maji, na mkojo wa rangi ya kola

Hii ndiyo iliyonifanya nianze uzi. Nisomeni taratibu.

Kuna makundi ambako vidonge vya diclofenac vinagawiwa asubuhi kama pipi, "ili usisikie". Acheni. Acheni leo.

Ukiendesha saa nyingi juani, maji yanapungua mwilini na damu inakimbilia kwenye misuli na ngozi. Figo zinabaki na damu kidogo, na zina kemikali zao za kuweka mishipa yake wazi wakati huo mgumu. Diclofenac na ibuprofen zinazima kemikali hizo hizo. Umezinyima figo zako mlango wa dharura siku ya moto. Na hata kidonge kisichogusa figo, kinakuficha maumivu yaliyokuwa yanakuambia ushuke.

Msuli uliolazimishwa kupita uwezo wake unaweza kuvunjika na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Figo zikishindwa kuvichuja, mtu analazwa, wengine wanafika kusafishwa damu. Dalili: misuli inauma na kuvimba kupita kiasi, mwili umelegea, mkojo umekuwa rangi ya kola au chai ya rangi. Ukiona mkojo huo, USISUBIRI Jumatatu. Nenda usiku huo huo na uwaambie umeendesha kilomita ngapi na umemeza nini.

Maji sasa. Kunywa kwa kiu, mafundo machache machache tangu mwanzo. Wengi wanahitaji kama nusu lita kwa saa, jua likiwa kali zaidi ya hapo. Ila usijilazimishe kunywa lita na lita za maji matupu. Chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, unatapika, unachanganyikiwa, na mwenzako anakuongezea maji akidhani umekauka. Siku ndefu beba ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, sio pakiti nzima kwenye kichupa kidogo. Huna ORS? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta.

Chakula: safari ikizidi saa moja na nusu, kula kabla ya kusikia njaa, kidogo kila nusu saa. Ndizi mbivu, tende, kashata, kiazi kitamu, kipande cha chapati. Ndizi moja na tende chache ndani ya saa zinatosha kwa mwanzo. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viacheni kwenye friji la dukani. Mapigo ya moyo kwenda mbio ni kitu kimoja, misuli kupata chakula ni kitu kingine.

SEHEMU YA 7: Jua na barabara

Muwe barabarani saa 12 asubuhi. Saa 4 sehemu kubwa ya safari iwe imeisha. Kundi linalokusanyika saa 3 kwa ajili ya picha za pamoja, kisha linaondoka jua likiwa utosini mwezi wa pili Dar es Salaam, halina kiongozi, lina mpiga picha.

Mtu akianza kuyumba, kuongea ovyo, kukasirika bila sababu, ngozi inawaka, au akianguka: hiyo ni dharura. Mwingizeni kivulini, mvueni vya kubana, mmwagieni maji mwili mzima mkimpepea, mtafute gari sasa hivi. Kama amechanganyikiwa msimnyweshe, yatapita njia ya hewa. Endeleeni kumpoza mpaka mfike hospitali.

Halafu malori na mabasi. Mtu mpya aliyechoka hana breki za akili. Anayumba kidogo kulia, basi linapita, basi tena. Mtu akiachwa nyuma peke yake kwenye barabara kuu, amechoka, hajui kuziba pancha, hana chaji, kundi zima limehusika kwa litakalompata. Nimeshamfunga mtu kidonda ambaye kundi lake lilijua hayupo baada ya kufika na kuhesabu sahani za chipsi. Sitaji kundi. Wanajijua.

SEHEMU YA 8: Madai yangu kwa viongozi wa makundi

Namalizia. Mtaniambia "nesi, watu wazima hao, kila mtu anajijua". Hapana. Mtu mpya hajijui, ndiyo maana ya kuwa mpya. Amekuamini wewe ukimwambia ni safari nyepesi.

Kwa hiyo nadai, wala siombi:

Moja. Tangazo liandike kilomita, mwendo kwa saa, na muda wa kurudi. Neno "nyepesi" lifutwe.

Mbili. Kila mwezi kuwe na safari ya wapya isiyozidi kilomita 25, na wazoefu wawili waende nayo bila kunung'unika.

Tatu. Awepo mtu wa mwisho, mzoefu, mwenye pampu, viraka na simu yenye chaji. Hakuna anayebaki nyuma yake.

Nne. Ijulikane kabla ya kuondoka mahali pa kugeuzia na namna ya kumrudisha mtu kwa gari. Anayegeuza apigiwe makofi kama anayemaliza.

Tano. Hakuna anayegawa vidonge. Hata kimoja.

Na wewe uliyeanza juzi: Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki. Ratiba yangu inakufikisha humo kabla hujaigusa hata kilomita 50. Yaani kabla hujawa "mwendesha masafa", moyo wako umeshaanza kulipwa. Mia itakuja. Ikichelewa mwezi, imechelewa mwezi. Barabara ya Bagamoyo haihami.

Wakikuambia komaa, waulize: nikomae na nini, goti au sifa zako? Halafu geuza, rudi nyumbani, kula, lala, na Jumanne endesha tena nusu saa.

Mtumie kiongozi wa kundi lako huu uzi. Akikasirika, mwambie mlango wa mapokezi Jumatatu uko wazi, aje akae kwenye benchi na sisi saa moja tu. Akipata pa kukaa.